Besi ya Kaka

Machi 3

Mvua ya kwanza imenyesha leo na mimi nimeanza kuandika. Hayo mawili hayahusiani, ila yote yamechelewa.

Naandika nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye printa. Dukani kwangu hazikosekani. Kazi yangu ni kuchapa: barua za kuomba kazi, mitihani, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Wananiita Mama Chapa, na mimi naitika, maana wangeweza kuniita vibaya zaidi.

Kaka ana wiki tatu tangu apigwe na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vimelala. Maneno yamemkimbia yote isipokuwa moja, “sasa”, analolitumia kuombea maji, kuombea mto, kusema ndiyo, na kusema mtanitia wazimu. Hapana anaisema kwa kuinua kiganja cha kushoto kama askari wa barabarani.

Kaka ni mwalimu wa kwaya. Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao kwaya inatimiza miaka thelathini, na walishakubaliana kutoa kitabu cha nyimbo zake kumi na mbili. Kumi na moja zinajulikana. Ya kumi na mbili ni mpya, ndefu, hajamfundisha mtu. Kitabu nimepewa mimi, kwa sababu nina programu ya kuandikia nota, ambayo nilijifunza bila mwalimu, kwa kubofya kila kitu mpaka kikalia.

Leo Wifi, mke wake, kaniletea madaftari. Soprano ipo. Alto ipo. Tenor ipo. Mstari wa nne, wa besi, ile sauti nzito ya chini kabisa, mtupu. Nikafungua daftari la pili: mtupu. Yote.

“Wifi, besi iko wapi?”

Akanitazama kama niliyemuuliza jua liko wapi. “Besi si yeye mwenyewe? Aiandike ya nini, na anasimama palepale anaiimba?”

Machi 4

Mvua. Kadi za harusi mia moja, jina la bibi harusi limekosewa. Na mama yake, si na mimi.

Machi 6

Nimewaita wanaume wanne wa besi dukani. Niliwaomba waimbe wimbo wa kwanza, kila mtu peke yake. Nimepata besi nne. Mkubwa wao, Fundi Kufuli, ambaye kweli ni fundi wa kufuli, alikuja na funguo zake kiunoni zikimpigia mapigo.

“Mama, sisi tulikuwa tunamfuata,” akasema. “Mtu unayemfuata hushiki njia. Unashika mgongo wake.”

Kwa hiyo besi iko mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo hapasemi.

Machi 9

Nimebeba kompyuta hadi kwao, imefungwa kwa mfuko wa nailoni kama mgonjwa wa pili. Nimempigia Kaka wimbo wa kwanza, sauti tatu. Programu ina kwaya yake ya mashine. Inaimba “aaa” kama watu walioambiwa na daktari wapanue mdomo. Wifi alicheka mpaka akaenda jikoni.

Kaka hakucheka. Alifumba macho. Kwenye kipimo cha tano (kipimo ni kile kisanduku kati ya mstari wa wima na mwenzake, humo mna mapigo manne) nikasikia kitu chini ya meza. Nilidhani ni friji.

Ni yeye. Mdomo umefumba, kifua kinavuma. Besi.

Wifi alirudi na kijiko mkononi, akasimama mlangoni. Tuliogopa kuikatisha. Wimbo ulipokwisha Kaka akafumbua macho na kusema, “Sasa.” Safari hii tulielewa wote.

Machi 10

Vipimo kumi na viwili.

Machi 11

Umeme umekatika katikati ya kipimo. Sikuwa nimehifadhi. Nimejitukana kwa upole, nikaanza upya.

Machi 14

Tuna mtindo sasa. Nachezesha kipande kifupi, yeye anavuma, mimi naitafuta nota kwenye kinanda kidogo cha mtoto wa jirani, naiingiza, naichezesha. Nikikosea, kiganja. Nikipatia, hafanyi kitu. Ndivyo alivyofundisha kwaya miaka yote, wanasema: sifa ilikuwa ni kutokugombezwa.

Leo alikuja makamu wake, kijana wa miaka arobaini na tano anayeimba tenor. Kaka alimpa jina Nusutoni, kwa sababu akifurahi sauti yake inapanda nusu. Viatu vimepigwa rangi hata kwenye matope haya. Akamwamkia mwalimu, akaulizia afya, halafu akaulizia kitabu, halafu akaulizia tena kitabu.

Mtu anayekitaka kiti haanzi kwa kukikalia. Anaanza kwa kukifuta vumbi. Nimemwona.

Machi 17

Hili niliandike polepole.

Wimbo wa nne, kipimo cha saba. Sauti tatu za juu zinashuka hatua moja. Kaka hakushuka. Alibaki pale pale alipokuwa, akavuma nota ileile, na ikasagana na zile nyingine kama mlango wenye kutu. Alishuka baadaye, pigo moja nyuma ya wenzake.

Nikamchezea tena. Akabaki tena.

Nilimtazama uso. Upande mmoja umelala, upande mmoja upo. Nikajiambia: kama nusu ya uso imelala, kwa nini nusu ya sikio isilale? Maskini Kaka. Nilipofika dukani nikaweka mshale juu ya nota ile na kuishusha, mbofyo mmoja. Nikachezesha. Safi kama karatasi mpya. Hata mashine ilionekana kunishukuru.

Machi 18

Amefanya hivyo tena kwenye wimbo wa tano, mara mbili. Nimemnyooshea.

Machi 20

Mvua tangu asubuhi. Mara tatu.

Machi 25

Nyimbo kumi na moja zimekamilika, sauti nne. Nimezihesabu nota nilizomnyooshea: kumi na tisa. Kwa nini nimezihesabu sijui, mtu anayefanya wema hahesabu.

Kaka alitaka nimchezee wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Alionyesha kompyuta, akasema “sasa, sasa”. Nikamwambia betri imekwisha. Betri ilikuwa na nusu.

Nimetoa nakala thelathini na mbili kwa ajili ya mazoezi. Kesho naanza wimbo wa kumi na mbili.

Machi 26

Sikuanza. Wifi ana homa, nyumba imejaa wageni wa kumpa pole, na kila mgeni ana dawa yake.

Machi 28

Nusutoni amekuja dukani, nywele zinachuruzika, nakala ya nyimbo ameificha kifuani ndani ya koti. Akafungua juu ya meza yangu. Kalamu nyekundu kila mahali. Moyo wangu ukasema: haya, mchezo umeanza, amekuja kumkosoa mwalimu wake.

“Dada, besi hii ina kitu.”

“Kitu gani?”

“Hapa.” Akaweka kidole kwenye wimbo wa nne, kipimo cha saba. “Mwalimu hapa habanduki. Sisi tunashuka, yeye anabaki, halafu anatufuata. Na hapa. Na hapa. Nimesimama mbele yake miaka kumi na minane, dada. Besi yake ilikuwa inanipiga mgongoni. Hizi nyimbo siijui besi yake kwa sikio, naijua kwa mgongo. Ukimwondoa pale anapobaki, wimbo hauna wa kuulilia.”

Nilihesabu alama nyekundu kwa macho tu, nikijifanya nasoma. Kumi na tisa.

Kisha akasema, taratibu, bila ushindi wowote usoni: “Nimekuja kukuuliza wewe kwa sababu siwezi kumwuliza yeye. Ni ugonjwa? Umemfika mpaka huko?”

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Ningesema: si ugonjwa, ni mimi. Maneno manne. Mimi ninayechapa maneno elfu tatu kwa siku.

Nikasema, “Labda. Ugonjwa huu, nani anaujua.”

Akakaa kwenye benchi la wateja na kufunika macho kwa mkono. Mtu wa viatu vya kung’aa. Alilia kama mtu anayesubiri kopi zake.

Machi 29

Mvua. Sikwenda kwa Kaka.

Machi 30

Sikwenda.

Machi 31

Wifi amekuja mwenyewe, homa ikiwa bado machoni.

“Wifi, tumekukosea nini sisi? Anakaa akitazama mlango.”

“Kazi zimenibana.”

“Na kwaya je, nayo imebanwa? Tumeletewa habari. Wamekaa kikao. Wanasema akili ya mwalimu haiaminiki tena, kitabu kitoke na nyimbo kumi na moja, wa kumi na mbili uachwe, usije ukamwaibisha.” Akaweka mwavuli chini, ukaniloweshea rimu nzima ya karatasi. “Kumwaibisha! Mtu ana wiki saba hajui kufunga kifungo cha shati, halafu waje kuogopa atapata aibu kwenye wimbo.”

Nilimpa kitambaa. Sikumpa kingine.

Aprili 2

Mteja anataka ratiba ya mazishi yenye maua pembeni. Nimempa maua.

Aprili 4

Tangu Machi 28 nimeandika uongo mmoja kwa mdomo na nimeukuta umechapwa kila mahali. Watu wawili leo wameniambia dukani, kwa huruma, kwamba wamesikia kaka yangu “amechanganyikiwa”. Mmoja aliniuliza kama bado ananitambua.

Ananitambua. Ndiyo shida yenyewe.

Aprili 5

Nimekwenda. Nimefungua kompyuta mbele yake na kumchezea nyimbo zake kumi na moja jinsi nilivyozinyoosha.

Wimbo wa kwanza hadi wa tatu, hakufanya kitu. Wa nne, kipimo cha saba, kiganja. Nilisimamisha, nikaipandisha nota kama alivyoivuma, nikaendelea. Wa tano, kiganja. Kiganja. Hakukosa hata mahali pamoja. Kumi na tisa nilizozishusha, kumi na tisa alizozikataa, na nyingine zote mia kadhaa aliziacha zipite. Kama kuna akili isiyoaminika chumbani mle, haikuwa kitandani.

Nikamwambia. “Kaka, hukukosea wewe. Mimi ndiye niliyezibadilisha. Na waliponiuliza nikasema ni ugonjwa wako.”

Wifi alikuwa akikunja nguo. Aliacha kukunja.

Kaka hakunitazama. Alitazama dirisha, maji yakiteremka kwenye kioo, kwa muda ambao ningeweza kuchapa barua nzima. Halafu akageuza kichwa kwenye daftari la wimbo wa kumi na mbili na kulisukuma kwangu kwa mkono wa kushoto. Hakusema hata “sasa”.

Nikitoka nimepitia kwa Nusutoni. Anafundisha hesabu, nilimkuta anasahihisha. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana kukaa kungenipa nafasi ya kupamba.

Aliifunika kalamu yake nyekundu. “Ungeniambia tu siku ile, dada.”

“Najua.”

“Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu mwalimu wangu amekufa kabla ya kufa.”



Aprili 6

Tumeanza wimbo wa kumi na mbili. Vipimo hamsini na sita. Mvua nzito, tumefanya vinne tu, kwa sababu anachoka haraka kuliko mwezi uliopita na kwa sababu mimi sasa nasikiliza mara tatu kabla ya kugusa kitufe.

Kwenye kipimo cha tatu alibaki nyuma ya wenzake. Niliandika alivyobaki. Mashine ikaipaka nota rangi nyekundu, kumaanisha iko chini mno kwa sauti ya binadamu. Kaka akaiimba. Nikaiacha mashine na maoni yake.

Aprili 7

Vinne.

Kikao cha kwaya kimeurudisha wimbo kitabuni. Nusutoni kanipitishia habari dukani.

“Uliwaambiaje?”

“Niliwaambia ni mashine iliharibu.”

“Si mashine.”

“Najua, dada. Lakini mashine haina aibu.”

Na mimi niliyeandika habari za kiti na vumbi! Ningeifuta ile siku ya Machi 14, ila nimeandika kwa kalamu.

Aprili 8

Vinne. Wifi amenisemesha: “Kompyuta yako iko juu ya shuka safi.” Nimefurahi kama niliyepewa zawadi.

Aprili 9

Vinne.

Aprili 10

Vinne. Besi yake kwenye kipimo cha ishirini inafanya kitu ambacho sikijui jina. Inapanda wakati nyingine zote zinapumzika, peke yake, kama mtu anayeamka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Niliuliza kama nimesikia sawa. Alirudia. Nilikuwa nimesikia sawa.

Aprili 11

Vinne. Jumla ishirini na vinne. Mtaalamu wa mazoezi kasema mkono unaonyesha dalili.

Aprili 12

Asubuhi, saa mbili, Wifi kapiga simu. Kiharusi cha pili.

Aprili 15

Yuko hai. Wamemrudisha nyumbani. Anatazama, anameza uji, kidole cha kushoto kinacheza. Lakini kifua hakivumi tena. Nilimchezea kipimo cha ishirini na tano, sauti tatu, nikasubiri. Nikamchezea tena. Wifi akafunga kompyuta mwenyewe, kwa mikono miwili, taratibu, kama anayefunika sufuria.

Aprili 16

Vipimo vilivyobaki: thelathini na viwili. Mwendo wetu: vinne kwa siku. Siku nilizompotezea, Machi 29 hadi Aprili 5 nilipokwenda kuungama: nane. Anayejua kuzidisha azidishe. Mimi nimeshazidisha.

Aprili 19

Tumekutana dukani, Nusutoni, Fundi Kufuli na mimi, mlango nusu umefungwa kwa ajili ya mvua.

“Tujaze,” Fundi Kufuli akasema. “Nimekaa nyuma yake miaka ishirini na sita. Nikiambiwa nichonge ufunguo bila kufuli, ninaweza kukisia.”

“Na utafungua?” Nusutoni akamwuliza.

“Utaingia. Kufungua ni habari nyingine.”

Nikawaonyesha kwamba programu ina kitufe cha kujaza sauti inayokosekana. Inatazama zile tatu na kukupa ya nne. Nilikibonyeza. Ikachukua muda wa kupepesa jicho. Tukaisikiliza vipimo vyote thelathini na viwili. Ilikuwa nzuri. Ilishuka pale wenzake waliposhuka. Haikubaki nyuma hata mara moja.

“Safi,” akasema Fundi Kufuli, kwa sauti ya mtu anayeonja dawa.

Nusutoni alikuwa ameipa kompyuta mgongo tangu ilipoanza. Akageuka. “Sikuhisi kitu.”

Nikaifuta.

Aprili 20

Nimegundua jambo. Ukiacha kipimo bila nota, programu haikubali. Inaweka yenyewe alama ya kimya, kile kijiti kinene kinachoning’inia mstarini, katika kila kipimo. Thelathini na viwili. Nilichapa nakala moja nikaitazama.

Ni uongo. Alama ya kimya ni amri: mtunzi anasema hapa nyamazeni. Kaka hakusema hivyo. Besi ipo hapa, aliijua nota kwa nota. Sisi ndio hatuijui. Kumwandikia kimya ni kumnyoosha mara ya ishirini.

Aprili 21

Nimetafuta siku nzima jinsi ya kuziondoa alama hizo. Zinarudi kama inzi. Wateja wawili nimewarudisha.

Aprili 22

Nimepata. Hazifutiki, ila unaweza kuzificha moja moja. Nimezificha zote thelathini na mbili kwa mkono. Sasa kuanzia kipimo cha ishirini na tano, chini ya soprano, alto na tenor, kuna mistari mitano ya nota za besi, mitupu, inayoendelea mpaka mwisho wa wimbo, kurasa nne.

Chini ya ukurasa niliandika: “Besi ya sehemu hii mwalimu aliijua. Haikuwahi kuandikwa kwa sababu ya mchapaji.” Nusutoni alisoma, akasema niondoe sentensi ya pili. Nimemwambia karatasi ni zangu.

Aprili 24

Nakala sitini. Printa imekwama mara mbili. Mvua imepungua.

Aprili 26

Jumapili. Hakuweza kupelekwa ukumbini, kwa hiyo kwaya ilikuja kwake kwanza. Walijaa sebuleni, barazani, wengine wamesimama nje chini ya miavuli ingawa mvua ilikuwa ya kudondoka tu. Wifi alimvalisha Kaka shati jeupe na kufunga kila kifungo. Mimi nilikaa kando yake kwenye kitanda, tulichokisogeza mlangoni, nimemshikia kitabu mbele ya macho.

Waliimba wimbo wa kumi na mbili. Nusutoni aliongoza, sauti yake haikupanda hata robo. Wale wanaume wanne waliimba besi yake nota kwa nota, pamoja na ile nyekundu, ambayo Fundi Kufuli aliifikia kwa kufumba macho. Kipimo cha ishirini besi ikaamka peke yake, ikaenda kuangalia mlango, ikarudi.

Kipimo cha ishirini na tano wale wanne wakanyamaza. Hawakukaa. Walibaki wamesimama, vitabu wazi, wakifunua kurasa wenzao wanapofunua. Sauti tatu ziliendelea bila sakafu.

Ndipo nikahisi kidole chake. Alikuwa ameniwekea mkono wa kushoto juu ya mkono wangu wa kulia, na kidole kilikuwa kinapiga. Nilidhani anahesabu mapigo. Hapana. Refu, fupi fupi, refu. Halafu soprano, alto na tenor zikashuka pamoja, na kidole hakikushuka nazo. Kilibaki kimenikandamiza pale pale, pigo moja zaidi, ndipo kikaachia na kuzifuata. Ilikuwa ni besi. Ilipita mkononi mwangu bila sauti, kila nota mahali pake, na sikujua hata moja inaitwaje.

Kalamu ilikuwa sikioni kwangu, na kitabu chenye mistari mitupu kilikuwa mbele yetu sote wawili. Mkono ninaoandikia ndio alioushika. Sikuutoa.

Vipimo thelathini na viwili. Alimaliza pamoja nao.